Ada Ni Sehemu Tu ya Mzigo: Piga Hesabu Yote Kabla Mtoto Hajapanda Basi la Kampala

Kila Agosti inapokaribia, mabasi yanayoingia Kampala kutoka Busia, Malaba, Mutukula na Katuna hubeba aina mbili za abiria. Wapo wafanyabiashara wenye madaftari na simu mbili mbili, na wapo vijana wenye masanduku mapya na godoro lililofungwa kamba. Mara nyingi hao wawili wanatoka nyumba moja. Mama ana mzigo wa kufuata mjini, na safari hii ameamua kumsindikiza mwanawe chuoni.

Mama huyo akifika Kikuubo hadanganyiki. Akitajiwa bei ya katoni, kichwani mwake tayari ameshaongeza mbebaji, nauli ya gari, ushuru, kodi ya kibanda na vile vitakavyovunjika njiani. Anajua kwamba bei ya dukani na bei ya mzigo uliofika nyumbani ni vitu viwili. Lakini siku hiyo hiyo, akishika barua ya chuo, anasoma mstari mmoja tu: ada ya muhula. Akiona fedha hiyo anaimudu, anamwambia mtoto, "Nenda ukasome."

Matokeo huonekana mwaka wa pili. Mtihani umekaribia, ada haijakamilika, na mwenye hosteli anadai chake. Mama anachomoa kwenye mtaji. Mtaji ukipungua, mzigo unapungua. Mzigo ukipungua, faida ya muhula unaofuata haitoshi. Na muhula ukifika, anachomoa tena. Mwisho wake mtoto anarudi nyumbani bila cheti na kibanda kimebaki nusu tupu. Watu watasema karo imeua biashara. Lakini tatizo lilianza siku ya kwanza, pale mzigo wa miaka mitatu ulipokadiriwa kwa bei ya katoni moja.

Wahenga wa sokoni walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makala haya ni ya daftari hilo.

Njia ya zamani, mfuko mpya

Kuja Kampala kusoma si jambo la jana. Makerere ilianzishwa mwaka 1922, na kati ya 1963 na 1970 ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Julius Nyerere, Mwai Kibaki na Benjamin Mkapa wote walipita katika kilima kile. Enzi hizo wengi walisomeshwa kwa fedha za serikali. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, Makerere ilipoanza kupokea kwa wingi wanafunzi wanaojilipia, mfuko unaotazamwa ni wa mzazi.

Leo mlango ni mpana zaidi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa Mbale mwaka 1988 na kina kampasi Kampala. Chuo Kikuu cha Kampala International kilianza Kansanga mwaka 2001. Mukono kuna Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lina makao yake hapa hapa Kampala, na tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza kwamba ukanda wetu ni eneo moja la elimu ya juu.

Ni habari njema. Hata hivyo, tangazo la wakuu wa nchi halimlipii mwanafunzi chumba Kikoni wala halimnunulii chakula Wandegeya. Hiyo imebaki kazi ya mzazi, na mzazi anahitaji namba.

Hesabu ya mama wa Busia

Tuchukue mfano wa mama wa Busia, upande wa Kenya, anayenunua nafaka Uganda na kuziuza kwao. Mwanawe amepata nafasi ya shahada ya miaka mitatu, mihula miwili kwa mwaka. Kila muhula tuuhesabie wiki 17, yaani wiki 15 za masomo na 2 za mitihani. Bei hizi ni za mfano, kwa shilingi za Uganda. Wewe chukua utaratibu, kisha weka bei za chuo chako na mtaa wako.

Ada ya masomo kwa muhula: 1,500,000.
Ada nyingine za chuo, kama usajili, mitihani, kitambulisho na matibabu: 400,000.
Hosteli karibu na chuo: 900,000.
Chakula, 8,000 kwa siku kwa siku 119: 952,000.
Usafiri wa mjini, 10,000 kwa wiki: 170,000.
Intaneti, simu na fotokopi, 15,000 kwa wiki: 255,000.
Sabuni, dawa na umeme, 10,000 kwa wiki: 170,000.
Basi la kuja na kurudi nyumbani: 80,000.

Jumla ya muhula mmoja ni 4,427,000. Tazama vizuri: ada ya masomo, ule mstari mmoja aliousoma mama, ni theluthi moja tu ya fedha yote.

Kwa mwaka ni 8,854,000. Kwa miaka mitatu ni 26,562,000. Ongeza vitu vya kununua mara moja, yaani laptopu, godoro na vyombo: 1,500,000. Ongeza gharama za mwishoni, yaani mafunzo kwa vitendo, utafiti, kuchapisha kazi na mahafali: 1,000,000. Tumefika 29,062,000. Halafu weka akiba ya asilimia 15 kwa yasiyotarajiwa, na mzigo wote unakuwa 33,421,300.

Mama alikuwa akifikiria ada mara mihula sita, yaani 9,000,000. Mzigo wenyewe ni zaidi ya mara tatu na nusu ya hapo.

Namba hiyo isikutie hofu. Igeuze iwe lugha ya soko. Miaka mitatu ina wiki 156, kwa hiyo mama anatakiwa kutenga karibu 214,000 kila wiki, wiki ya mvua na wiki ya jua. Akianza kuweka mwaka mmoja kabla mtoto hajaondoka, wiki zinakuwa 208 na kiasi kinashuka hadi karibu 161,000. Sasa ana swali analoweza kulijibu mwenyewe: je, faida yangu ya wiki, nikishatoa chakula cha nyumbani na kodi, inabeba hicho? Angalia, tumesema faida. Mauzo ya siku nzuri si fedha ya kusomeshea.

Jibu likiwa hapana, bado ana njia. Anaweza kutafuta chuo cha bei nafuu, kozi ya stashahada kwanza, msaada wa ndugu, au kuanza mwaka unaofuata akiwa na akiba. Kuahirisha mwaka mmoja kunauma, lakini kuacha chuo mwaka wa pili kunauma zaidi, maana fedha uliyokwisha kulipa hairudi.

Maswali ya kuuliza chuo kabla ya kulipa

Kwanza, uliza mtoto wako yumo katika orodha ipi ya ada. Vyuo vingi vina bei ya raia na bei ya wageni, na namna ya kuwahesabu wanafunzi wa Jumuiya hutofautiana kutoka chuo hadi chuo. Pata jibu kwa maandishi. Uliza pia kama ada inatozwa kwa shilingi au kwa dola, na kama inaweza kupanda mtoto akiwa katikati ya kozi.

Pili, omba orodha ya ada zote, si ada ya masomo peke yake. Ipo, kwa mfano, ada ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi. Ni ndogo, lakini ndogo kumi zikikusanyika zinakuwa hosteli.

Tatu, uliza miaka. Si kila shahada ni ya miaka mitatu. Uhandisi na sheria huchukua minne, udaktari mitano. Kuna jambo jingine ambalo wazazi wa Kenya hukutana nalo wakiwa wameshafika. Uganda ina kidato cha tano na cha sita, na mfumo wa 8-4-4 hauna. Aliyemaliza kidato cha nne Kenya anaweza kutakiwa asome kwanza mwaka wa maandalizi. Kwa mfano wetu, mwaka mmoja wa ziada ungepandisha mzigo hadi zaidi ya milioni 42. Mtoto anayetoka Goma au Bujumbura, aliyesoma kwa Kifaransa, naye huenda akahitaji miezi kadhaa ya Kiingereza. Miezi hiyo ina kodi na chakula chake.

Nne, uliza vyeti. Vyeti vya sekondari vya nje hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, na vya elimu ya juu na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Huduma hiyo ina ada na inachukua muda. Kisha uliza nyumbani pia. Mtanzania apite Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Mkenya aulize Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, kama chuo na kozi vinatambuliwa. Kwa udaktari, uuguzi, sheria na uhandisi, ulizia na bodi ya taaluma yenyewe. Shahada isiyotambuliwa nyumbani ni sawa na mzigo uliozuiwa forodhani: umeshaulipia, na kuutoa huwezi.

Kibali na malipo

Mwanafunzi anayetoka nje anahitaji kibali cha mwanafunzi. Kwa utaratibu wa Soko la Pamoja la Jumuiya, lililoanza tarehe 1 Julai 2010, raia wa nchi mwanachama hupewa kibali hicho bila kutozwa ada. Nenda katika ofisi ya chuo inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni, ukiwa na barua ya kukubaliwa, pasipoti na picha. Mtu wa mtaani akikuambia kibali ni mamia ya dola na atakusaidia upesi, mwombe risiti ya serikali umwone atakavyosema. Weka kwenye daftari gharama ya pasipoti yenyewe, na ukumbuke kwamba kibali huisha muda na kuhuishwa.

Kibali cha mwanafunzi si kibali cha kazi. Usiweke kwenye hesabu yako fedha ambayo mtoto "atajitafutia huko huko". Akipata, iwe nyongeza. Ukiitegemea, utamsukuma aache darasa, au afanye kazi inayomtia matatani na uhamiaji.

Na ada isipite mkononi mwa mtu. Vyuo vya umma kama Makerere humpa mwanafunzi namba ya malipo, na fedha huingia benki kwa namba hiyo. Vyuo binafsi vina akaunti zao. Usimkabidhi wakala, dereva wala rafiki wa mtoto fedha taslimu ili "akulipie". Kila risiti iwe na nakala mbili, moja kwa mtoto na moja kwako.

Fedha inayovuka mpaka

Hapa mfanyabiashara wa mpakani ana nguvu ambayo mzazi mwingine hana, ila wengi hawaitumii.

Tuseme unaleta mchele kutoka Tanzania kupitia Mutukula na kuuuza Kampala. Unalipwa kwa shilingi za Uganda. Wengi hubadilisha zote kuwa za Tanzania, kisha ada ikifika wanazirudisha tena kuwa za Uganda. Mwenye duka la kubadilishia fedha amekula mara mbili. Tenga fungu la mtoto pale pale, kwa shilingi za Uganda, kabla hujavuka. Hata ikiwa ni kidogo kila safari, liweke kwenye akaunti ambayo haichanganyiki na fedha ya mzigo.

Kwa yule ambaye kipato chake ni cha shilingi za Kenya, kumbuka yaliyotokea mwaka 2024. Mwezi Januari dola moja ilikuwa imefika karibu shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu 130, huku shilingi ya Uganda ikitikisika kidogo tu. Ada ya 2,000,000 za Uganda iliyomgharimu mzazi wa Kenya karibu 84,000 mwezi Januari, kufikia Septemba ilimgharimu karibu 70,000. Ada ilikuwa ile ile, mtoto yule yule, na tofauti ni shilingi 14,000 za Kenya. Huwezi kuamuru bei ya fedha, lakini unaweza kununua kidogo kidogo mwaka mzima. Anayenunua fedha yote wiki ya mwisho hupokea bei yoyote atakayoikuta.

Anayetoka Kongo akiwa na dola ajue kwamba noti ndogo, za zamani au zilizochakaa hupewa bei ya chini katika maduka ya Kampala. Zichague noti zako ukiwa bado nyumbani.

Fedha ya matumizi ya mtoto nayo ina ushuru wake. Uganda hutoza asilimia 0.5 kwenye kutoa fedha kwa simu, juu ya ada ya mtandao. Ukimtumia 200,000, kodi peke yake ni 1,000. Ukituma kila siku kidogo kidogo, ada zinakula sahani ya chakula. Ukituma ya muhula mzima kwa mkupuo, kijana wa miaka 19 anaweza kuimaliza kabla ya wiki ya nane. Kila wiki mbili ni mwendo mzuri.

Hosteli, boda na yaka

Kabla ya kulipia chumba, mwulize mwenye hosteli mambo matatu. Je, bei ni ya muhula au ya mwezi? Wakati wa likizo chumba kinashikwa, au mtoto anahama na vyombo vyake? Na umeme wa yaka umo ndani ya bei, au mwanafunzi ananunua mwenyewe?

Kisha piga hesabu ya umbali. Chumba cha mbali kinaweza kuwa nafuu kwa 400,000 kwa muhula. Lakini boda ya 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, siku tano kwa wiki, kwa wiki 17, ni 510,000. Umepoteza 110,000, na mtoto anarudi usiku akipita barabara asizozijua.

Katika chakula, chuo kimejaa njia za kujibana. Rolex na kikomando vitamshibisha kwa bei ndogo, lakini si kila siku. Mtoto aliyefunzwa kupika maharage na wali kwenye jiko la chumbani, pale hosteli inaporuhusu, anaokoa fedha na afya. Ukija na mzigo, mletee unga, mchele na maharage ya nyumbani. Wewe ndiye unayejua bei ya jumla.

Mipaka hufungwa, magonjwa huja

Ile akiba ya asilimia 15 wengine huiona ni kujitesa. Waulize waliokuwa na watoto upande wa pili wa Katuna. Mpaka ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Kwa mfanyabiashara ule ulikuwa msiba wa mtaji, na kwa mwenye mtoto chuoni ulikuwa misiba miwili kwa pamoja: kipato kimekatika na njia ya kumfikia imekatika. Katikati yake, Machi 2020, likaja janga la korona na madarasa ya Uganda yakafungwa.

Hatari ya mfanyabiashara wa mpakani ndiyo hiyo. Kinachozuia mzigo wako ndicho hicho hicho kinachozuia mtoto wako. Kwa hiyo akiba ya dharura isikae yote upande mmoja. Sehemu iwe Uganda, mahali mtoto anaweza kuipata akiugua au akihitaji nauli ya kurudi. Na awe na namba ya simu ya mtu mzima mmoja mjini, ndugu au mteja wako wa siku nyingi, anayeweza kumfikia siku hiyo hiyo.

Panga na kalenda pia. Ada hubisha hodi Agosti, na tena Januari au Februari. Januari soko limelala, kila mtu ametumia sikukuu. Basi ada ya Januari ni mali ya Novemba na Desemba, wakati mauzo yamechangamka. Ikiwa Desemba nzuri ilikupa fedha ukaongeza mzigo wote, Januari utauza mzigo huo kwa hasara ili mtoto aingie kwenye mtihani.

Mwonyeshe mtoto daftari

Wazazi wengi humficha mtoto hesabu. Wanaona ni aibu ajue jinsi fedha inavyopatikana kwa shida, au wanaogopa atakosa raha ya masomo. Kisha wanashangaa anapoomba simu mpya wiki ile ile mama aliyokopa.

Kabla ya safari, keti naye. Fungua ukurasa ule wenye 33,421,300, au namba yako wewe. Mwonyeshe ni magunia mangapi ya faida, ni safari ngapi za alfajiri. Usimwonyeshe kwa kumtisha. Mwonyeshe kama unavyomwonyesha mshirika anayeingia kwenye biashara, kwa sababu ndivyo alivyo. Kisha mpe daftari lake, aandike kila anachotumia, na kila mwisho wa mwezi mlinganishe. Mkubaliane pia kwamba siku fedha ikipungua, wa kwanza kujua awe yeye, naye akikwama wa kwanza kujua uwe wewe, mapema, kabla ya wiki ya mitihani.

Siku ya kuondoka, mama wa Busia atampandisha mwanawe kwenye basi la Kampala kisha atarudi kwenye magunia yake. Wiki hiyo kuna fungu la kutenga, na linalofuata ni la wiki ijayo.